Mkwe Mwenye Mbio

Mama mmoja wa Kizota alinisimamisha njiani juzi, hata salamu hakunipa. "Wewe mwandishi! Yule kijana kampata huyo mama au hajampata?" Nikamwambia anunue gazeti. "Nanunua," akasema, "ila jirani yangu hulifungia maandazi kabla sijafika ukurasa wako."

Basi kwa ajili yake, na kwa wote waliopokonywa gazeti na maandazi, nakumbusha kidogo tulipoishia.

Reli ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilikuwa ngeni bado Dodoma. Watu walikuwa wakienda stesheni bila safari yoyote, kulitazama tu garimoshi. Nikodemo wa Bahi na mkewe Lydia wao wakalipanda. Walikuwa wanakwenda Bagamoyo, mji wa bandari ambao kila mzee wa Ugogo aliyewahi kubeba pembe za ndovu huutaja huku ametunisha kifua. Walikuwa wanamtafuta mama yake Lydia, Bi Mwajabu, Mrangi wa Kondoa aliyeolewa Bahi. Alifiwa na mumewe, ikaja njaa, akafuata msafara kushuka pwani, na hakurudi tena.

Sasa Lydia ana mimba ya kwanza na tumbo liko mbele. Ameapa kwamba mtoto huyo hatapokelewa na mikono mingine ila ya mama yake.

Wiki iliyopita tulimwacha Nikodemo peke yake katika kichochoro cha sokoni, furushi kichwani, mbele ya mwanamke muuza vitumbua. Mteja mmoja akaita, "Bi Mwajabu wa Bahi! Nipe viwili!" Nikodemo akajua amesimama mbele ya nani.

Mama mkwe!

Akafanya nini?

Akakimbia.

Najua mnacheka, ninyi mnaotazama televisheni na mama mkwe kwenye kochi moja. Lakini kwa kina Nikodemo, mwanamume hatazamani na mama wa mkewe. Hali chakula mbele yake, hasemi naye, wala jina lake halimtoki kinywani, mpaka siku atakapompa zawadi ya kufungua uso. Tena ampe kwa mkono wake, mkewe akiwa amesimama kati yao. Kabla ya hapo, wakikutana njiani, kijana huingia porini.

Kule Bahi pori lipo. Bagamoyo kuna kuta, na milango ya nakshi, na siku hiyo kila mlango ulikuwa umefungwa.

Kwa hiyo Nikodemo alikata kona ya kwanza, akakata ya pili, furushi likimchezacheza kichwani. Watu wa sokoni wakaona kijana mgeni anatoka mbio mbele ya mwanamke mzima, amebeba mzigo. Wangefikiri nini?

"Mwizi! Mwizi huyo!"

Kona ya tatu akakumbana na tumbo la askari.

"Simama!"

Alikuwa ombasha, koplo wa Wadachi, jina lake Shaaban, mtu wa makamo mwenye tarbushi iliyonyooka na mkanda uliokuwa unalalamika. Kiboko kilining'inia ubavuni mwake.

"Umeiba nini?"

"Sijaiba, mzee."

"Mbona unakimbia?"

"Namkimbia yule."

"Yule nani?"

Nikodemo akaelekeza kidole nyuma bila kugeuka. "Yule mtu pale nyuma."

"Hana jina?"

"Analo."

"Litaje."

Nikodemo akatazama vidole vya miguu yake. Kulitaja hawezi. Jasho likamtiririka mpaka kidevuni, na umati ukazidi kusogea kumtazama mwizi asiyejua hata jina la aliyemwibia.

Shaaban akalipokea furushi, akalipimapima mikononi, akacheka.

"Chumvi! Jamani, njooni muone! Mtu ana akili zake timamu, anatoka bara na chumvi kuileta baharini!"

Soko zima likacheka. Hata mimi ningecheka.

Karibu na soko palikuwa na kibanda cha askari, chumba kimoja chenye meza moja na mlango mmoja. Nikodemo akasukumwa ndani, mikono imefungwa kamba. Halafu, na hapa ndipo shauri lilipoharibika, ombasha akamwingiza na Bi Mwajabu.

Bi Mwajabu akajifunika kanga gubigubi, akageukia ukuta wa kulia. Nikodemo akageukia ukuta wa kushoto. Shaaban akakaa katikati.

"Mama, unamjua mtu huyu?"

Akaivuta kanga zaidi.

"Umewahi kuuona uso wake?"

Kanga ikatikisika kidogo. Hajauona. Ni kweli kabisa, alichokiona yeye ni kisogo na visigino.

Bi Mwajabu hakuwa mjinga, msomaji. Alikuwa amekwisha kumtambua kijana. Ni nani mwingine duniani angemkimbia muuza vitumbua namna ile? Lakini kusema mbele ya mkwe ambaye hajampa zawadi ni aibu ya kumfuata mtu mpaka kaburini. Akanyoosha mkono kuuonyesha mlango, kwamba atoke nje kidogo, ana neno.

"Hakuna kutoka," akasema Shaaban, akavuta kiti chake mpaka mlangoni.

Akamwita askari mwenzake dirishani. "Nenda kwa Bwana Mkubwa. Mwambie nimekamata mwizi, mwenye mali yupo, mali ipo. Ni hamsa ishirini."

Viboko ishirini na tano! Nikodemo alikuwa amewahi kumwona mtu aliyetoka kupigwa hivyo. Alilala kifudifudi tangu mavuno mpaka kupanda. Lakini akaendelea kuutazama ukuta.

Na Lydia je?

Lydia alikuwa pwani, ameiingiza baharini miguu yake iliyovimba. Alikuwa ameyaonja maji, ameyatema, na bado analalamika kwa mtu yeyote aliye karibu. Ndipo akasikia wanawake wawili wakisimuliana kwamba kuna mjinga mmoja wa bara amemkimbia bibi wa vitumbua mpaka akashikwa.

Akaangua kicheko. Alijua hapohapo ni mjinga wa nani.

Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu alijua pia bibi wa vitumbua ni nani. Akalishika tumbo lake kwa mikono miwili, akaanza kwenda, na mwanamke mwenye mimba akienda namna ile watu humpisha wenyewe.

"Shikamoo, bwana askari."

"Marahaba. Hapa si mahali pa wanawake."

"Mbona mmoja namwona?"

Yule aliyejifunika kanga akashtuka. Lydia akasimama. Alikuwa amejiandalia maneno tangu stesheni ya Dodoma, maneno mengi, mengine ya hasira. Kwa nini uliniacha? Kwa nini hukutuma hata salamu? Yote yakamkimbia.

"Mama?"

Kanga ikafunguka upande mmoja tu, upande usioelekea kwa Nikodemo. Wakashikana. Tumbo la Lydia likawa katikati yao, na Bi Mwajabu akalia huku amelishika tumbo lile, akilipapasa juu na chini kana kwamba anataka kumsalimu na aliyemo. Walilia kwa sauti, bila kumjali ombasha wala Wadachi wake.

Nikodemo naye akalia, ukutani kwake.

"Basi imekwisha," akasema Lydia, akijifuta. "Huyu ni mume wangu. Huyu ni mama yangu. Kwetu mkwe humkimbia mkwe, ndiyo heshima. Mfungue."

"Mwizi ni mwizi," akasema Shaaban, lakini hakumtazama machoni.

"Ameiba nini?"

"Bwana Mkubwa amekwisha pelekewa habari. Lazima apigwe."

"Basi nipigeni mimi!"

"Mwanamke hapigwi kiboko. Ndiyo sheria yao. Mwanamke hufungwa tu."

"Basi nipe lile furushi ampe mama zawadi yake, wapate kusema, na wewe usikie kwa masikio yako."

Shaaban akalikumbatia furushi. "Halitoki. Chumvi hii ni kielelezo."

Lydia alikuwa amefungua kinywa kujibu. Akakifunga. Akamsogelea polepole, kichwa ameinamisha upande, na Nikodemo, ambaye alikuwa haoni kitu ila alizijua hatua zile kutoka nyumbani, akamwonea huruma ombasha.

"Furushi hili nimelishona mimi," akasema Lydia. "Ngozi ya mbuzi, uzi wa mshipa. Tangu Bahi halijafunguliwa. Tazama mshono."

"Nauona."

"Ndani mna nini?"

"Si chumvi?"

"Nani kakwambia?"

Shaaban akakohoa. "Huyu kijana."

"Mimi sijamwambia," ukuta wa kushoto ukasema.

"Basi nimeinusa."

"Chumvi inanuka, bwana askari?"

Tarbushi ya Shaaban ikawa imepinda, sijui tangu saa ngapi.

Bi Mwajabu akageuka kutoka ukutani. Hakumgeukia mkwe wake. Alimgeukia ombasha, na hasira ikaishinda aibu.

"Shaaban," akasema. "Nilikwambia mimi."

Ombasha akainama.

"Kila siku nimekuimbia. Iko siku mwanangu atanifuata, mkwe wangu ataniletea chumvi ya Bahi. Ukaniuliza mila zetu, nikakueleza, moja baada ya moja, mtu mzima nimefurahi kuulizwa. Kumbe unajifunza namna ya kutufunga! Ndiyo maana hukuniachia hata nafasi ya kutoka nje!"

"Mama," akasema Lydia, "huyu ni nani?"

"Mume wangu."

Kishindo kidogo kikasikika kushoto. Nikodemo alikuwa amelipiga paji la uso wake ukutani. Asubuhi alikuwa na mama mkwe wa kumkimbia. Sasa ana na baba mkwe, na baba mkwe ndiye aliyemfunga kamba! Akatazama mlango kwa pembe ya jicho. Mlango ulikuwa mmoja tu, na baba mkwe alikuwa ameukalia.

"Niliwaona tangu juzi," akasema Shaaban. Sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa. "Wanakuulizia sokoni. Nikajua wamekuja kukuchukua. Mimi nina nini hapa, Mwajabu? Nimebeba bunduki tangu sijaota ndevu. Sina mtoto, na kwetu simjui mtu tena. Nikiingia nyumbani jioni unaniuliza, umekula? Hakuna mwingine anayeniuliza. Nikasema nikimshika huyu kijana, watakasirika, wataondoka. Sikufika mbali zaidi ya hapo. Niliogopa."

Hapakuwa na aliyecheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejiandaa kumchukia ombasha huyu wiki mbili nzima, nikashindwa.

Bi Mwajabu akamtazama. "Umekula?" akamuuliza.

"Bado."

"Mfungue mkwe wangu, mpumbavu we."

Kamba ikafunguliwa. Furushi likawekwa mikononi mwa Nikodemo, Lydia akasimama katikati kama mila inavyotaka, na tumbo lake likampa kazi ya ziada Nikodemo kunyoosha mkono mpaka ng'ambo. Uso ameugeuza pembeni.

Bi Mwajabu akapokea, akakata mshono kwa meno. Chumvi ya Bahi si nyeupe. Ni ya kukwangua mbugani maji yakikauka, ya kijivu, ina ladha ya udongo wake. Akachota kwa kidole, akaweka ulimini, akafumba macho.

"Miaka yote hii," akasema, "natia chumvi yao kwenye mlenda. Mlenda unakataa."

Akashusha kanga mabegani. Kwa mara ya kwanza mkwe na mkwe wakatazamana.

"Mkwe wangu."

"Naam, mama."

"Una mbio wewe."

Lydia alicheka mpaka akajishika mbavu, Shaaban akacheka, na Nikodemo akajikuta anacheka naye, uso wote umemwiva kwa haya.

Lakini Bi Mwajabu hakucheka kwa muda mrefu. "Sasa nisikilizeni. Mwanangu anataka nirudi Bahi. Mume wangu anataka nibaki. Wote wawili nimewasikia. Ambaye sijamsikia ni wewe, Nikodemo. Sema. Niende au nibaki?"

Mtu aliyeshindwa kutaja jina la mtu sokoni, leo aamue! Nyuma yake baba mkwe mwenye kiboko. Mbele yake mke. Nikodemo akaitazama miguu ya Lydia, jinsi ilivyojaa. Akakumbuka behewa lilivyomtikisa, akakumbuka na yule punda wa kukodi kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa akilala chini kila alipoona kivuli.

"Hatuendi, mama."

"Nani hatuendi?" akasema Lydia.

"Mimi na wewe. Uliapa mtoto apokelewe na mama yako. Hukuapa azaliwe Bahi. Ng'ombe wapo kwa kaka. Tukae hapa mpaka ujifungue. Ukipata nguvu, mama atatusindikiza nyumbani, na mzee Shaaban akipewa ruhusa, aje anywe togwa kwetu. Akirudi, arudi na mkewe."

"Umeanza lini kuamua mambo, Nikodemo?"

"Sasa hivi."

Lydia akamtazama mumewe kama anayemtafuta mwingine nyuma yake. Kisha akampangusa vumbi la ukutani kwenye paji la uso, taratibu sana, na alikuwa anatabasamu.

Shaaban akabaki anaivua tarbushi na kuivaa tena.

Ndipo buti zikasikika uani.

Rangi ikamtoka ombasha. Alikuwa amesahau. Katika furaha yote ile alikuwa amesahau mjumbe aliyempeleka mwenyewe.

"Bwana Mkubwa!"

"Mwambie hakuna mwizi," akasema Lydia.

"Nilimpelekea habari kwamba yupo! Askari akimdanganya Bwana Mkubwa, kiboko hicho hula yeye, na kazi hana tena."

Wakatazamana. Mwizi akiwepo, atapigwa Nikodemo. Mwizi asipokuwepo, atapigwa Shaaban. Buti zilikuwa zimefika barazani.

Shaaban akanyoosha tarbushi. "Kosa ni langu. Nitasema mwenyewe."

"Mzee, una umri wewe," akasema Nikodemo. "Mimi ndiye niliyekimbia. Acha nipigwe mimi."

"Kaa nyuma, kijana."

"Kaa nyuma wewe, mzee."

Walikuwa bado wanasukumana, baba mkwe na mkwe, mlango ulipofunguliwa. Mdachi akaingia, mrefu, suti nyeupe, na hakuwa na uso wa kusikiliza hadithi.

"Mwizi yuko wapi?"

Shaaban akafungua kinywa. Nikodemo akafungua kinywa.

"Ni mimi, Bwana."

Aliyesema alikuwa Bi Mwajabu. Alikuwa amepita katikati yao, furushi la chumvi kifuani, kichwa juu. "Nimeiba chumvi ya wageni hawa. Kijana alikuwa ananikimbiza, watu wakachanganya. Ombasha hana kosa."

Akamgeukia mumewe, akamkonyeza. Mwanamke hapigwi kiboko, si ndiyo sheria yao? Alikuwa amesikia neno hilo kutoka mdomoni mwa Shaaban mwenyewe. Lile lililofuata, kwamba mwanamke hufungwa, hakulisikia, kwa kuwa wakati ule alikuwa analia begani kwa mwanawe.

Shaaban hakukonyeza. Shaaban alikuwa anatikisa kichwa, kidogokidogo, na macho yamemjaa maji.

Mdachi akalitazama furushi, akamtazama mwanamke. "Ombasha," akasema. "Mfunge. Apelekwe gerezani."

Kamba ilikuwa bado sakafuni, ileile aliyofunguliwa Nikodemo. Shaaban akainama kuiokota, ikamtoka, akainama tena. Bi Mwajabu akatazama kamba, akaelewa, na konyezo likafa usoni pake. Hakurudi nyuma. Akanyoosha mbele mikono yake miwili, ile iliyoapiwa kumpokea mtoto, na vidole bado vina chumvi.

Nyuma yao Lydia akaushika ukingo wa meza kwa nguvu. Maji yakamchuruzika miguuni mpaka sakafuni.

"Mama," akasema polepole, "anakuja."